Kilichonipunguza kilo 20 ni miguu ya mama yangu

Habari za jioni, wakuu.

Dada mleta mada, umeuliza ni kitu gani hasa kilitusukuma sisi tulioweza kupunguza mwili. Umesema una kilo 94 na mtoto wa miaka miwili, umeshaanza mara nne, na kila mara ukifika wiki ya tatu unaachia. Ukaomba wajibu wenye uzoefu, wauza dawa wakae pembeni. Nimekaa na swali lako siku mbili. Wengi waliotangulia wamekuelekeza cha kula na cha kuacha, na wamefanya vizuri, ila wewe uliuliza msukumo. Hapo ndipo penyewe, kwa sababu mimi nilishindwa miaka mingi huku najua kila kitu kuhusu chakula.

Ni fundi cherehani, Mbagala, mwaka wa 21 sasa. Nina miaka 46 na urefu wa sentimita 162. Agosti 2019 nilikuwa na kilo 97. Leo asubuhi mzani umesoma 77. Kiuno kimetoka inchi 45 kimefika 37. Kwa vipimo vya hospitali bado nimezidi uzito: ukichukua kilo ukagawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, nimetoka 37 nimefika 29, na mpaka wa unene uliopitiliza ni 30. Kiuno nacho, kwa mwanamke kikipita sentimita 88, yaani karibu inchi 35, hatari ya kisukari na moyo inapanda sana, kwa hiyo hapo bado sijatoka hatarini. Nakupa hesabu hizi mapema ili usidhani unaongea na mtu aliyemaliza safari. Lakini leo nachuchumaa na kuinuka bila kushikwa mkono, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Niruhusu nianze na wateja, maana kabla sijajifunza kwenye mwili wangu nilishaona kwenye miili ya wengine. Kazi yangu ni kupima viuno. Mtu anaingia na kitenge chake, ananiambia, "Fundi, nishonee ndogo, send-off ni baada ya miezi miwili, nitakuwa nimepungua." Zamani nilikuwa nashona kwa maneno yake. Siku hizi nashona kwa kipimo cha siku ile, na ndani ya mshono naacha kitambaa cha kutosha kupunguza au kuachia. Mwaka 2016 nilikuwa na bibi harusi mmoja, binti mzuri, mcheshi, kiuno inchi 38. Kwa wiki kumi alikula matango, akanywa maji ya limao, akatumia na ile chai ya kupunguza tumbo inayouzwa mitaani, ambayo kusema kweli ilikuwa inamharisha tu. Siku ya harusi alikuwa 33. Gauni lilimkaa kama limemwagwa mwilini. Miezi minne baadaye akarudi na nguo zake za kawaida nizitoe mishono, kiuno 40. Alikaa nyuma ya pazia pale ninapojaribishia watu nguo, akalia bila sauti, na mimi nimeshika futi mkononi sina la kumwambia. Nilimshikia bega tu.

Nikimfikiria leo, naona hakuwa mvivu hata kidogo. Wiki kumi za njaa si mchezo. Shida ni kwamba sababu yake ilikuwa na tarehe. Ukumbi ulipofungwa na viti vikakusanywa, sababu nayo ikaisha usiku uleule, na asubuhi yake hakuwa na jibu la swali la kwa nini asile chapati. Na mwili wenyewe una kinyongo. Kuna utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2011: watu waliopunguzwa uzito kwa haraka walifuatiliwa, na mwaka mzima baadaye homoni zinazoleta njaa zilikuwa bado ziko juu kuliko kabla hawajaanza. Maana yake unabaki na njaa zaidi ya ile uliyoanza nayo, wakati sherehe imeshapita. Yule binti alikuwa anapigana vita hiyo peke yake na hakuna aliyemwambia.

Nimeona pia mchangiaji mmoja hapo juu akikushauri ubandike picha yako mbaya ukutani, ujitazame kila siku mpaka uchukie. Naomba nipingane naye kwa heshima, kwa sababu dawa ya aibu nimeshainywa. Mwaka 2017 nilipanda daladala Kariakoo jioni, watu wamejaa. Konda akasema kwa sauti, "Mama, wewe lipia siti mbili." Gari zima likacheka. Nililipa siti mbili. Nakumbuka noti niliyotoa na jinsi mkono ulivyokuwa unatetemeka. Kesho yake saa 11 alfajiri nikaanza kukimbia, siku tisa mfululizo. Siku ya kumi sikuamka. Nilikuja kugundua kwamba ili nikimbie ilibidi kila alfajiri nimsikie tena yule kijana akisema, nilisikie tena gari likicheka. Nani anaweza kujiamsha kwa matusi mwaka mzima? Nilipoacha kukimbia nilipata nafuu ya moyo, na ile nafuu niliilipia kwa chipsi mayai kila jioni.

Woga nao niliujaribu. Mwaka 2018 kulikuwa na upimaji wa bure hapa mtaani, nikaenda bila kula, sukari ikasoma 6.4. Daktari alikuwa mtu mwema, akanieleza taratibu: asubuhi kabla ya kula, kuanzia 6.1 hadi 6.9 uko mpakani, na ikirudia kusoma 7 au zaidi ndiyo kisukari chenyewe. Akaniambia kuhusu utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mpakani kama mimi. Kundi lililosaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari, asilimia 31. Asilimia 7 ya uzito wangu haikufika hata kilo saba. Nilitoka pale na furaha, nikanunua daftari, nikaandika tarehe.

Daftari lile lina kurasa nne zilizoandikwa. Sukari ya mpakani haiumi, haiwashi, haikuamshi usiku. Na mimi nilikuwa na kazi za Pasaka zimejaa mezani, sare za shule, vijora vya wateja. Woga wa kitu kisichouma unakuwepo wiki ile ya majibu, halafu unakaa kimya kama deni la mtu asiyekudai.

Sasa nifike kwa mama.

Mama anatoka Bukoba vijijini. Alikuwa na kisukari miaka mingi bila kujua ukubwa wake, na miguu ilishapoteza hisia. Mwaka 2019 alikanyaga kitu shambani, hakukisikia. Mpaka ndugu wanaona, donda limeshaingia. Alikatwa vidole viwili vya mguu wa kulia, kisha tukamleta kwangu Dar es Salaam nimuuguze. Hospitali walinifundisha: kila siku kidonda kisafishwe kwa maji ya chumvi ya dawa, kikaushwe, kifungwe gozi safi na bandeji, na mguu usikanyagwe. Muda wetu ukawa saa 12 jioni, nikifunga ofisi.

Mama anakaa ukingoni mwa kitanda, mimi nashuka chini. Nikueleze jinsi nilivyokuwa nashuka. Nashika ukingo wa kitanda, naweka goti moja, nasikia linalia, naweka la pili. Nikiinama tumbo linabana pumzi, kwa hiyo nasafisha kidogo, nainua kichwa napumua, nasafisha tena. Jasho linadondoka, na mimi naogopa lisidondokee kidondani. Kuinuka nilikuwa namwita binti yangu, wakati huo ana miaka 14, ananishika kwapa moja, nasukuma na kitanda, nasimama. Tulizoea hivyo kama wiki mbili.

Siku moja binti alichelewa tuisheni. Nikamaliza kufunga, nikaita, kimya. Nikajaribu mwenyewe. Goti likakataa. Nikajaribu kugeukia upande, nikashika mguu wa meza, meza ikasogea, beseni likamwagika. Nimekaa sakafuni kwenye maji yenye dawa, magoti yanawaka, na mama pale juu ananitazama. Akanyoosha mkono. Mama wa miaka 70, mguu mmoja hauruhusiwi kugusa chini, akashika kitanda kwa mkono wa kushoto, akanipa wa kulia, akasema, "Shika, mwanangu. Shika tuinuke."

Nilikataa kuushika. Nilijua nikiuvuta ule mkono atakanyaga ule mguu. Nikakaa palepale majini mpaka binti aliporudi, inaweza kuwa nusu saa. Tukawa tunaongea habari za nyumbani, nani kaolewa, nani kauza shamba, kama vile nimekaa mkekani kwa hiari yangu. Na mkono wake ulibaki umeninyooshea, kila baada ya muda ananiambia tena nishike.

Dada, mimi naandika hapa miaka mingi baadaye na ule mkono bado nauona. Usiku ule sikuapa kupungua kilo yoyote. Nilijiambia jambo moja: nitashuka chini kwa mama na nitainuka mwenyewe. Basi.

Sikujua nguvu ya sababu hii ilikuwa wapi mpaka baadaye. Ilikuwa na saa yake. Saa 12 jioni kila siku, iwe mvua, iwe nina hasira, iwe nimekula vizuri au vibaya, lazima nishuke pale chini. Sikuhitaji kuikumbuka, yenyewe ilinikumbuka. Na ilikuwa na kipimo chake, ambacho si mzani.

Hapa ndipo wiki yako ya tatu inapoingia, kwa hiyo nisikilize vizuri. Wiki ya kwanza uzito unashuka haraka na unafurahi. Sehemu kubwa ya kinachoshuka ni maji: ukipunguza kula, mwili unatumia wanga uliouweka akiba kwenye ini na misuli, na wanga ule hukaa pamoja na maji, ukitumika maji nayo yanatoka. Akiba ile ikishapungua, kinachobaki ni mafuta, na mafuta yanashuka polepole. Mtu wa mzani akifika wiki ya tatu anaona namba imegoma, anadhani ameshindwa. Mimi pia mzani uligoma wiki ya tatu, siku kumi haukusogea hata robo. Lakini wiki ileile jioni moja niliinuka kwa kushika kitanda tu, bila kumwita mtoto. Mama akasema, "Ehe!" Neno hilo moja lilinibeba mwezi mzima.

Kuna jambo kuhusu magoti nilikuja kuambiwa na mtu wa mazoezi ya viungo. Watafiti walipima watu wanene wenye maumivu ya magoti, wakakuta kila kilo moja iliyopungua mwilini iliondoa mzigo wa karibu kilo nne kwenye goti kwa kila hatua. Kwa hiyo kilo tatu za mwanzo, ambazo hakuna mtu mtaani aliyeziona, goti langu liliziona kama kumi na mbili.

Mambo ya chakula nitayapitia haraka, maana umeshapewa mengi. Nilikuwa nakunywa vikombe sita vya chai kwa siku nikiwa kwenye cherehani, kila kimoja vijiko vitatu. Ni vijiko 18, gramu zaidi ya 70. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015 linasema sukari ya kuongeza isipite kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ibaki 25, yaani vijiko sita. Nilitoa kijiko kimoja kila wiki mbili mpaka ulimi ukazoea. Vitumbua vya saa 4 nikaviacha siku za kazi, Jumapili navila na sijutii. Ugali nikaupunguza nusu, matembele na mchicha nikaongeza mara mbili, na dagaa au maharage kila siku. Hata hayo yaliwezekana kwa sababu ya mama: yeye alitakiwa kula hivyo kwa ajili ya sukari, na sikuwa na nguvu ya kupika sufuria mbili. Na kwa kuwa kidonda kilikuwa saa 12, chakula kikawa saa 1 usiku, tunakula wote, badala ya saa 3 na nusu niliyozoea.

Kutembea nako kulitoka hukohuko. Niliacha kununua gozi za wiki nzima. Nikawa nanunua za siku moja, tena kwenye duka la dawa la mbali, kwenda na kurudi dakika 40 kwa miguu. Kama sikutembea, mama hana gozi. Sijui kama mtu mwingine ataona ina maana, kwangu ilikuwa na maana kuliko uwanja wowote wa mazoezi. Na asubuhi kabla ya wateja nilikuwa nashika meza ya kukatia kitambaa, nachuchumaa na kuinuka mara tano. Mwezi wa 12 nilikuwa nafika mara 20.

Sasa kuna jambo ambalo sijaona mtu akilitaja kwenye mjadala huu, na naliona ni kubwa kwa sisi wa huku. Ukianza kupungua kweli, watu wako watakuogopea. Mume wangu aliulizwa kijiweni kama hali ya nyumbani ni ngumu. Jirani aliniletea ndizi na maziwa, akaniangalia machoni muda mrefu. Na mama, ambaye kwa ajili yake nilikuwa nafanya yote haya, ndiye aliyeumia zaidi.

Lazima ujue mama ameona nini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, mkoa wake, mwaka 1983. Kabla watu hawajajua jina lake, kule ugonjwa uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikivushwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Upande wa pili wa mpaka waliuita Slim, kwa jinsi mgonjwa alivyoisha mwili. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka tu vilio usiku na watu wazima wakitembea kwa haraka. Mama alizika dada zake wawili na kaka mmoja, akawalea watoto wao. Kwa mtu aliyepita pale, mwili mnene ni salama. Tukienda likizo akituona tumenenepa alikuwa anashukuru Mungu kwa sauti. Kwake yeye, kukonda ni habari mbaya ambayo haijasemwa bado.

Basi usiku mmoja, mwezi wa pili mwaka 2020, nilikuwa nimefika kilo 86. Nimemaliza kumfunga mguu, nataka kuinua beseni, akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vikakizunguka, na vikakutana. Zamani vilikuwa havikutani. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa watoto wasisikie, "Niambie ukweli. Umepima?"

Nilitaka kucheka, kisha nikamtazama usoni. Alikuwa ameshanizika. Amelala na wazo hilo siku ngapi sijui, na kila jioni ananipa mguu wake nimwoshe, ananiangalia navyopungua, anahesabu.

Kesho yake nilifunga ofisi nikaenda kupima. Majibu yalikuwa hasi, nikaomba waniandikie kwenye karatasi. Na hata yangekuwa tofauti, siku hizi mtu anaanza dawa za kufubaza virusi na anaishi na mwili wake umejaa, wala huwezi kumjua kwa kumtazama. Nilimweleza mama hilo pia. Karatasi alimpa mjukuu wake asome mara mbili, kisha akaikunja akaiweka ndani ya Biblia yake. Ipo mpaka leo. Halafu akasema kama ni kwa ajili ya magoti, basi niendelee, ila uso usiishe.

Nakueleza haya, dada, kwa sababu inawezekana kabisa mara moja kati ya zile nne uliachia pale mtu alipokuambia "mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Maneno hayo yanakata mguu kuliko njaa. Mwambie mapema yule ambaye moyo wake unaujali. Mwambie sababu yako kabla hajaanza kutunga yake.

Mwezi wa tatu mwaka ule kidonda kilifunga. Tulishangilia, mama akaoka ndizi mwenyewe akiwa amekaa. Na hapa nikuambie ukweli ambao sikuutegemea: ndani ya miezi minne nilirudisha kilo nne. Sababu yangu ilikuwa imepona. Saa 12 jioni ikawa saa kama nyingine, chai ikarudi vijiko viwili, gozi hazihitajiki kwa hiyo duka la mbali siendi. Nilimkumbuka yule bibi harusi wangu. Nilikuwa nimefikia tarehe yangu bila kujua kama nilikuwa nayo.

Kilichoniokoa ni kliniki ya mama. Muuguzi alimvua viatu, akakagua nyayo na katikati ya vidole, akaniuliza nani anamkagua nyumbani. Nikasema kidonda kimeshapona. Akaniambia kwamba miongoni mwa wenye kisukari waliopona kidonda cha mguu, karibu wanne kati ya kumi hurudiwa na kidonda ndani ya mwaka mmoja. Miguu isiyo na hisia inatakiwa kuoshwa, kukaushwa na kutazamwa kila siku, na mtu anayeona vizuri, anayeweza kufika chini. Nilirudi nyumbani nikatoa beseni nyuma ya mlango. Tangu siku hiyo saa 12 yetu haijavunjika ila nikisafiri, na nikisafiri binti yangu anashika zamu. Napima joto la maji kwa kiwiko, kwa sababu mguu wa mama hauwezi kutuambia kama yanaunguza. Nachuchumaa, naosha, nakausha katikati ya vidole vilivyobaki, nageuza unyayo kwenye mwanga. Kilo nne ziliondoka, na nyingine zikafuata taratibu mpaka mwaka 2022 nikafika 76. Tangu hapo napanda na kushuka kilo moja au mbili. Sukari yangu mara ya mwisho ilisoma 5.4.

Kwa hiyo swali lako ninakurudishia kwa namna hii. Achana kwanza na kilo unazotaka kufikia na nguo unayotaka ikuingie. Nitajie kitu kimoja ambacho mikono yako inakifanya kila siku kwa mtu unayempenda, na mwili wako unakiwekea kizuizi. Umesema una mtoto wa miaka miwili. Ukimwogesha unakaa wapi, kwenye stuli au chini? Akikimbia kuelekea barabarani nani anamkimbilia? Akilala mgongoni unapanda naye ngazi ngapi kabla hujasimama kupumua? Sitaki ujibu hapa mbele za watu. Jichunguze leo na kesho tu, utakutana napo mahali, na utapajua kwa jinsi moyo utakavyoshtuka. Ukishapajua, pima hapo. Mzani upande mara moja kwa wiki, lakini usiupe ruhusa ya kukuambia kama umefanya vizuri.

Ombi moja kwa wanaosoma ambao tayari wanatumia dawa za kisukari au sindano ya insulini: msipunguze chakula ghafla bila kuongea na daktari, sukari inaweza kushuka ikawaangusha. Mama iliwahi kumshuka hivyo mbele yangu, anatetemeka na maneno hayaeleweki, na ni jambo la kutisha.

Dada, ukipata jibu lako niandikie faraghani, hata kama ni usiku. Na wiki ya tatu ikifika niite kwa jina, nitakuwepo. Kwa sasa naishia hapa, ni saa 12 kasoro dakika tano na mama ameshaanza kuuliza beseni.